Manjano: kutoka vilima vya Uluguru hadi singo ya bibi harusi



Kiswahili chetu kina rangi tatu tu zenye majina yao wenyewe: nyeupe, nyeusi na nyekundu. Nyingine nyingi tumeziita kwa vitu. Kijani ni jani, kahawia ni kahawa, zambarau ni tunda, kijivu ni jivu. Na manjano ni mzizi. Ina maana mzizi huu ulikuwa mikononi mwa bibi zetu kabla hawajawa na jina la rangi yake, na kila mara tunaposema gari la manjano au kanga ya manjano tunautaja bila kujua.

Leo nataka tuuzungumze mzizi wenyewe, hasa ninyi mnaojiandaa kwa harusi, kwa sababu ndio unaopakwa mwilini mwenu kwa siku saba au zaidi na wengi wenu hamjui umetoka wapi wala umepitia mikono gani.

Kwanza jina, maana linaleta mkanganyiko dukani. Unguja na Pemba tunasema manjano, au bizari ya manjano. Ukivuka ukafika Morogoro, ukaingia Soko Kuu la Chifu Kingalu, muuzaji atakwambia binzari. Kwetu visiwani ukitaja bizari peke yake unaweza kupewa bizari nyembamba, ile ya pilau, kwa hiyo ukimtuma mtu bara mwambie wazi: binzari ya njano, nzima, isiyosagwa. Hilo la "isiyosagwa" nitalirudia mbele na sababu yake ni kubwa.

Neno bizari tumelipata kwa Waarabu, ambao huita viungo abzari. Manjano linafanana mno na manjal la Kitamil cha kusini mwa India, na huko ndiko mmea ulikolimwa tangu zamani sana. Waarabu wenyewe wanauita kurkum, na wataalamu wa mimea walichukua jina hilo wakaupa mmea jina la kitaalamu, Curcuma longa. Ni ndugu wa tangawizi na iliki.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mimi lilinishangaza kuliko yote. Manjano hayazai mbegu zinazoota. Maua yanatoka, mazuri kweli, lakini hakuna mbegu ya kupanda. Njia pekee ya kupata mche mpya ni kukata kipande cha tunguu la zamani na kukifukia. Upepo hauwezi kuyabeba, ndege hawezi kuyameza akayadondosha mbali, wala bahari haiyaleti yakaota yenyewe ufukweni. Basi kila shina la manjano lililopo Afrika lilifika kwa sababu kuna mtu alilichukua kwa makusudi, akalifunga kwenye mzigo wake, akavuka nalo bahari likiwa bado hai. Vitabu vingi huandika kwamba kufikia karne ya 8 yalikuwa yameshafika pwani ya Afrika Mashariki. Ushahidi ninaoupenda mimi ni wa lugha: Madagaska manjano huitwa tamotamo, na Wamalei wanauita ukoo huu wa mizizi temu. Watu wa visiwa vya mashariki ya mbali waliohamia Madagaska walikuja na mzizi na jina lake pamoja.

Nani hufunga mizizi ya jikoni kwenye mzigo wa safari? Sihitaji kusema.

Rangi ya njano na harusi zimeandamana hata katika historia ya dini yetu, ingawa hapo mmea ulikuwa mwingine. Mnakijua kisa cha Abdurrahman bin Auf (R.A.). Alipohamia Madina hana kitu, ndugu yake wa Kiansari akataka kumgawia mali yake, yeye akaomba aonyeshwe soko tu. (Sisi wafanyabiashara tunakipenda kisa hiki kwa sababu hiyo.) Akauza siagi na jibini mpaka akasimama. Siku moja Mtume (S.A.W.) akamwona ana alama ya njano, akamuuliza kulikoni, akajibu kuwa ameoa mwanamke wa Kiansari. Mtume akamtaka afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Wanazuoni wameeleza kwamba ile njano ilikuwa manukato ya zafarani, na kwamba yalimpata kutoka kwa bibi harusi. Yaani bibi harusi wa Madina, zaidi ya miaka 1,400 iliyopita, alikuwa amejipaka njano hadi ikamshika mume.

Na kipo kingine ambacho hakisemwi sana. Bi Ummu Salama (R.A.) amepokewa akieleza kwamba wanawake wa wakati ule, wakiwa kwenye nifasi ya siku arobaini, walikuwa wakipaka usoni warsi kwa ajili ya yale mabaka ya uso. Warsi ni mmea wa Yemen unaotoa unga wa njano. Mabaka yale ni haya haya yanayotupata sisi baada ya mimba, na dawa ilikuwa ya njano ya kupaka. Zafarani na warsi ndizo zile zile alizokatazwa aliyehirimia kuvaa nguo iliyopakwa, kwa kuwa zilikuwa pambo na harufu. Manjano yetu siyo warsi na siyo zafarani, na asikudanganye mtu akuuzie manjano kwa jina la zafarani, maana udanganyifu huo upo tangu kale. Ninachosema ni kwamba mwanamke wa Kiislamu kutunza uso wake kwa mimea, akiwa kwake, si jambo jipya wala la kuonewa haya.

Kuna dada huuliza kama singo si kuiga Wahindi na sherehe yao ya kupaka manjano. Wahindu kweli wanayo, na kwao ina maana za ibada. Singo yetu haina ibada ndani yake. Ni kungwi au somo, chumba kilichofungwa, mwali na kanga yake, liwa iliyosagwa kwenye jiwe, asumini, waridi, mrehani, karafuu, na manjano kidogo. Kila familia ina vipimo vyake na kila kungwi anaapa kuwa wake ndio asili. Mradi sitara imetunzwa na hakuna maneno ya kishirikina yanayosomwa juu ya bakuli, mimi sioni tatizo.

Haya, tupande mlimani.

Milima ya Uluguru imesimama nyuma ya mji wa Morogoro, kilele chake kikipita mita 2,600. Upande wa mashariki unaotazama Bahari ya Hindi ndio unaopata mvua nyingi zaidi, kwa sababu upepo wa baharini unagonga milima na kumwaga maji huko. Ukitoka mjini kupitia Bigwa, Kiroka na Mkuyuni kwenda Matombo utaona mabadiliko kwa macho: migomba, mifenesi, minazi, michungwa, na chini yake viungo. Mdalasini, karafuu, pilipili manga, iliki, na binzari. Mtu wa Unguja akifika Kinole anaweza kudhani yuko Kizimbani, tofauti ni kwamba shamba limeegemea mlima na ukiteleza utajikuta kwa jirani.

Njia ya bidhaa za pwani kupanda huku ni ya zamani. Katika karne ya 19 misafara kutoka Bagamoyo ilipita chini ya milima hii, penye ngome ya Kisabengo. Stanley alipopita mwaka 1871, akimtafuta Livingstone, aliyekuwa akitawala pale alikuwa mwanamke, binti yake Kisabengo, anayejulikana kwa jina la Simbamwene. Mwaka 1907 reli kutoka Dar es Salaam ikafika Morogoro, na kwa reli maduka, na kwa maduka jikoni za Kihindi, Kiarabu na Kiswahili zikawa mtaa mmoja. Kabla ya hapo, mwaka 1902, Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa mimea Amani, kule Usambara, ambako walijaribu mazao ya kigeni ya kila namna, viungo vikiwamo. Lakini kituo cha utafiti kinaweza kupanda bustani tu. Kinachofanya mmea ukae mahali miaka mia ni wanawake kugawiana vipande.

Na Waluguru wana mpangilio ambao msomaji wa visiwani atauona mgeni. Ukoo wao unafuata upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na ardhi ya ukoo hushikwa kwa mkondo huo. Dini na sheria za nchi zimebadilisha mengi, ndoa za Kiislamu na mirathi yake ni jambo jingine kabisa, na katika familia moja utakuta taratibu zote mbili zinavutana. Hata hivyo, mwanamke wa Kiluguru mwenye kipande chake cha shamba kilichotoka kwa mama si kitu cha kushangaza. Bibi mmoja ninayenunua kwake huko Kinole ananiambia mbegu yake ya binzari aliipata kwa mama yake siku alipojenga nyumba yake mwenyewe. Kwa kuwa mmea hauna mbegu, binzari anayochimba leo ni mmea ule ule, haujachanganyika na chochote. Hata wenye kilimo hiki huliita lile tunguu la katikati mama, na yale yanayochipuka pembeni vidole.

Upandaji wake hauna siri. Mvua zikianza, kipande chenye jicho moja au mawili kinafukiwa kiasi cha kidole kimoja kirefu kwenda chini, umbali wa sentimita 25 hadi 30 kutoka kimoja hadi kingine. Kinapenda udongo mwepesi usiotuamisha maji, na hakichukii kivuli cha mgomba. Unapalilia, unaweka majani makavu juu, unasubiri. Miezi 8 hadi 10 baadaye majani yanageuka njano yenyewe na kulala. Hapo unachimba.

Kuchimba ndiko kwenye neno. Shamba la mlimani ukilichimbua lote mara moja, mvua ya kwanza inaondoka na udongo, na udongo ule unaishia mto Ruvu, ambao ndio maji ya kunywa ya Dar es Salaam. Wakoloni wa Kiingereza waliliona tatizo hili wakalitatua kwa ubabe: miaka ya 1950 wakaanzisha mpango wa matumizi ya ardhi Uluguru, watu wakalazimishwa kuchonga matuta ya ngazi milimani. Kazi ilikuwa ya kuvunja mgongo, na kwenye udongo mwembamba matuta yalifukua udongo mbaya wa chini na kuuweka juu, mavuno yakapungua badala ya kuongezeka. Mwaka 1955 ghasia zikazuka Matombo na mpango ukaachwa. Siku hizi shirika la Sustainable Agriculture Tanzania, lililoko Morogoro, linafundisha wakulima wa milimani kilimo hai kwa kukaa nao shambani, na viungo vinavyolimwa chini ya miti vinafaa sana kwa njia hiyo, kwa sababu mti unabaki kushika udongo wakati wewe unachimba sehemu kwa sehemu.

Baada ya kuchimba, matunguu yanaoshwa na kuchemshwa kama dakika 45 hadi saa moja, mpaka kijiti kipenye. Kuchemsha kunaua jicho lisiote, kunasambaza rangi sawasawa na kufanya yakauke haraka. Kisha jua la siku 10 hadi 15. Kilo tano mbichi zinabaki kama kilo moja kavu. Ukiona mtu anabishana bei na mama wa Mkuyuni, mkumbushe hesabu hiyo, na kuni, na kichwa kilichobeba mzigo mpaka barabarani.

Dawa, je? Bibi zetu walipaka manjano kwenye kidonda, kwenye tumbo la mzazi, kwenye ngozi yenye muwasho, na wakanywesha na maziwa kwa kikohozi. Huko India hivyo hivyo tangu enzi na enzi. Ndiyo maana mwaka 1995 dunia ilishangaa Marekani ilipotoa hataza, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ugunduzi, kwa chuo kikuu cha tiba cha Mississippi, kwamba wao ndio wamegundua matumizi ya manjano kuponya vidonda. Hebu fikiri. Kitu ambacho mama alikufanyia ulipojikata na kisu, kimeandikwa mali ya mtu. Baraza la Utafiti wa Sayansi na Viwanda la India likapinga. Halikwenda na hasira, lilikwenda na karatasi: maandiko 32, mengine ya kale ya Kisanskriti, mengine makala za jarida la madaktari wa India la mwaka 1953. Mwaka 1997 hataza ikafutwa.

Funzo la kisa kile kwa sisi watu wa biashara ni moja: India ilishinda kwa sababu ilikuwa imeandika. Makungwi wetu hawajaandika. Mapishi ya singo yapo vichwani mwa wazee wanaoondoka mmoja mmoja. Kama bado unaye bibi, kaa naye na daftari.

Tusivuke mpaka pia. Manjano yana kemikali iitwayo kurkumini, ambayo ni asilimia chache tu ya uzito wake, na mwili huifyonza kwa shida. Mwaka 1998 watafiti walionyesha kwamba kiini cha pilipili manga huongeza ufyonzwaji huo mara nyingi, kwa hiyo waliokuwa wakitia pilipili manga kwenye maziwa ya manjano hawakuwa wakibahatisha. Lakini kuongeza nguvu maana yake pia kuongeza madhara. Vidonge vikali vya manjano vimewahi kuumiza maini ya watu. Mjamzito, mwenye mawe ya nyongo na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda waishie kwenye kiasi cha mchuzi, na la ziada wamuulize daktari.

Sasa lile la "isiyosagwa". Nchini Bangladesh, tangu miaka ya 1980, baadhi ya wasindikaji walikuwa wakipaka mizizi iliyofifia rangi kwa kromati ya risasi, poda ya njano kali inayotumika kwenye rangi za kupaka. Watafiti walipochunguza wajawazito wa vijijini waliokutwa na madini ya risasi kwenye damu, waligundua chanzo kikubwa ni manjano ya jikoni. Risasi inapita kwa mama hadi kwa mtoto tumboni na kuharibu ubongo wake. Mwaka 2019, asilimia 47 ya sampuli za sokoni huko zilikuwa na risasi. Serikali ikatoza faini, ikaonya watu magazetini, na kufikia 2021 hazikupatikana tena.

Sijaleta habari hiyo kuwatisha. Manjano ya unga yanasafiri duniani bila pasipoti, na ya njano kali kupita kiasi yanavutia macho ya bibi harusi. Vipimo vya kumwaga kwenye glasi ya maji mnavyoonyeshana kwenye simu havitoshi kuikamata risasi. Kinachosaidia ni kununua tunguu zima kutoka kwa mtu unayejua shamba lake, ulivunje uone rangi ya ndani, kisha ulitwange na kulisaga mwenyewe. Kule Uluguru gunia utalipata bila shida, na mkichangiana mabibi harusi wanne haliwi ghali.

La pili, wapo wanaouza "singo ya kung'arisha" iliyochanganywa na krimu. Mteja wangu mmoja alikuja kupima gauni la nikaha uso umevimba na kuchubuka, wiki mbili kabla ya shughuli, baada ya kutumia mchanganyiko wa aina hiyo alionunua kwa mtu wa mtandaoni. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku Tanzania, lakini ndani ya kopo lenye harufu ya waridi utavijuaje? Manjano hayabadilishi rangi yako uliyoumbwa nayo. Yanalainisha, yanatuliza, yanatoa nuru ya siku chache. Anayekuahidi zaidi ya hapo ana kingine kwenye kopo. Jipake kidogo nyuma ya sikio au ndani ya mkono, subiri siku nzima, ndipo uendelee.

Kuhusu udhu, swali ninaloulizwa kila mara: rangi iliyobaki kwenye ngozi ni kama hina, haizuii maji. Kinachozuia ni lile tope lililokauka. Lioshe lote kabla ya kutawadha, hasa pembezoni mwa kucha na kwenye nyusi, na usiache swala ikupite kwa sababu kungwi amesema ukae nalo mpaka jioni.

Mwisho niongee kama fundi cherehani. Manjano hushika nguo nyeupe kama kiapo, na ukikimbilia sabuni ya kufulia doa linageuka jekundu mbele ya macho yako, kwa sababu ndivyo rangi hii inavyofanya ikikutana na magadi. Usipige kelele. Suuza kwa maji mengi litarudi njano, kisha anika nguo juani ikiwa bado na unyevu, mara mbili, mara tatu. Jua linaikula rangi ya manjano kuliko dawa yoyote ya dukani. Ila satini ya gauni lenyewe usiijaribu. Vaa kanga za zamani siku zote za singo, oga vizuri usiku wa mwisho, na gauni lisitoke kwenye mfuko wake mpaka asubuhi ya nikaha.

Anayetaka kupanda kwake Unguja au Pemba, chukua kidole kibichi chenye jicho, sio kile kilichochemshwa, ukifukie kwenye ndoo iliyotobolewa chini, penye kivuli cha asubuhi. Kwa mwenye harusi baada ya mfungo wa mwakani, wakati wa kukifukia ni sasa.